Farasi wa Karatasi: Namna ya Kukusanya na Kutundika Picha za Majarida ya Kale

Aliyeanza juzi kukusanya picha za farasi kutoka majarida ya kale humtazama farasi. Mzoefu huigeuza karatasi kwanza, akasoma mgongo wake. Huko nyuma ndiko kunakoonekana kama picha imewahi kulowa, imebandikwa kwa gundi gani, imechapwa kwa njia ipi, na kama itastahimili miaka mingine ukutani. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo huo: karatasi mwanzo, farasi baadaye, fremu mwisho.

Chagua zizi moja

Sanaa hii ni ya Uingereza na Marekani zaidi, na ni pana mno kwa mtu mmoja. Ukinunua kila farasi anayekupendeza, baada ya mwaka utakuwa na lundo badala ya mkusanyo. Afadhali uyajue majarida machache, kisha uamue.

Kundi la kwanza ni la picha zilizochongwa kwenye shaba na chuma, kisha zikachapwa karatasini. The Sporting Magazine la London lilianza mwaka 1792 na kufa 1870. Baltimore kulikuwa na American Turf Register kuanzia 1829. Kurasa za kundi hili ni ndogo, hazizidi sana ukubwa wa daftari la shule, na nyingi zimechapwa kwenye karatasi ya matambara ambayo bado ni nyeupe na laini. Hizi ndizo zinazosumbua kidogo kuliko zote kutunza.

Kundi la pili ni la picha zilizochongwa kwenye mbao: Illustrated London News (lilianza 1842), Harper's Weekly la New York (1857), The Graphic (1869) na Illustrated Sporting and Dramatic News (1874). Hapa kuna mbio, minada ya farasi, askari wapanda farasi, na kazi za Frederic Remington za nyanda za magharibi ya Marekani. Picha ni kubwa na bei yake mara nyingi ni nafuu, lakini karatasi ni adui wa nafsi yake. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller aligundua njia ya kusaga mti kuwa karatasi. Miongo michache baadaye majarida ya bei rahisi yakawa yanakula miti, na asidi iliyomo ndani ya mti huo ndiyo inayoigeuza karatasi kuwa ya kahawia na kuifanya ivunjike kama papadi.

Kundi la tatu ni Vanity Fair la London, lililodumu kutoka 1868 hadi 1914. Kila wiki lilitoa picha moja ya rangi ya mtu maarufu, iliyochapwa kwa litografia kutoka kwenye mawe. Wamo majoki (wapanda farasi wa mbio), wafuga farasi na wakufunzi wao. Ya joki Fred Archer ilitoka 1881, kazi ya Leslie Ward aliyetia sahihi kwa jina la “Spy”.

Kundi la nne ni majalada na michoro ya kati ya vita viwili vya dunia na baadaye kidogo: The Spur, lililokufa 1940, Western Horseman (1936), The Chronicle of the Horse (1937), pamoja na kazi za wachoraji kama Lionel Edwards, Cecil Aldin, Paul Brown na Charles Johnson Payne aliyejiita “Snaffles”.

Ushauri wetu kwa anayeanza ni majoki wa Vanity Fair. Sababu si uzuri tu. Kila picha ni karatasi inayojitegemea, nyuma haina maandishi yanayopenya mbele, tarehe imechapwa juu yake, na ziko za kutosha sokoni hivi kwamba unaweza kukataa mbovu na kungoja nzima. Zingatia tu kwamba majoki hutafutwa na wengi, kwa hiyo bei yao huwa juu kuliko ya maaskofu na wabunge wa jarida hilo hilo.

Lenzi ya mara kumi

Kabla ya kununua chochote, nunua lenzi ndogo ya sonara inayokuza mara 10. Iweke karibu na jicho, kisha isogeze picha mpaka ionekane vizuri.

Mchongo wa shaba au chuma unaonyesha mistari tu, mingine myembamba kama unywele, bila kitone hata kimoja kilichopangwa kwa safu. Ukipitisha kidole pembeni mara nyingi utahisi bonde dogo la mstatili kuzunguka picha: hapo ndipo bamba lilipokandamiza karatasi yenye unyevu. Bonde likikosekana, huenda karatasi imepunguzwa na mjalidi, yaani fundi wa kutia vitabu majalada. Si lazima iwe bandia.

Mchongo wa mbao nao ni mistari, ila kwenye picha kubwa tafuta nyuzi nyembamba nyeupe zinazokata picha wima au mlalo, zimenyooka kama zimepigwa rula. Mti wa boksi uliotumika ni mwembamba, hivyo vipande vidogo viliungwa kwa skrubu. Picha ikagawiwa wachongaji kadhaa, kila mmoja na kipande chake, kisha vikaunganishwa tena. Viungo vile havikubanana sawasawa. Mnunuzi mgeni hudhani ni mkwaruzo, akataka apunguziwe bei. Mzoefu hufurahi kuviona.

Litografia ya Vanity Fair inaonyesha vitone na chembe zisizo na mpangilio, kama mchanga uliomwagwa, rangi moja juu ya nyingine. Ukiona vitone vilivyojipanga kwa safu na kutengeneza viduara kama maua madogo, hiyo ni nakala iliyopigwa picha na kuchapwa upya. Nakala za namna hiyo ni nyingi mno, na baadhi zimekaa kwenye fremu za kale kabisa. Tazama pia herufi za maelezo chini ya picha: kwenye chapa ya asili ukingo wa herufi umekatika safi, kwenye nakala umejaa vitone.

Hapa watu hukosea upande wa pili. Maua hayo ya vitone ni ushahidi dhidi ya Archer wa 1881, lakini kwenye jalada la 1935 ni jambo la kawaida. Ndivyo majarida ya rangi yalivyochapwa wakati huo. Lenzi haikwambii “asili” au “bandia”. Inakwambia njia ya uchapaji, nawe unauliza kama njia hiyo inalingana na mwaka ulioandikwa.

Chombo cha pili ni ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Viwanda vya karatasi vilianza kutia kemikali za kung'arisha mnamo 1950, na kemikali hizo huwaka buluu-nyeupe chini ya taa hiyo. Karatasi inayodaiwa kuwa ya 1890 na inawaka kama shati jipya la shule, irudishe kwa mwenyewe.

Farasi naye anatoa ushahidi. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipiga picha za farasi akikimbia, hatua kwa hatua, na jarida la Scientific American likazitoa kama michongo kwenye jalada lake la tarehe 19 Oktoba mwaka huo. Ikadhihirika kuwa farasi anapokuwa angani miguu yote hukunjwa chini ya tumbo. Kabla ya hapo wachoraji walimwonyesha akiwa amenyoosha ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, kama farasi wa kubembea wa watoto. Mtindo huo wa zamani uliendelea miaka kadhaa kwa mazoea, kwa hiyo miguu iliyonyooshwa haithibitishi kuwa picha ni ya kabla ya 1878. Lakini miguu iliyokunjwa kwa usahihi kwenye picha inayodaiwa kuwa ya 1840 inatosha kukufanya uirudishe mfukoni pochi yako.

Jambo jingine ni rangi. Michongo ya Harper's Weekly ilitoka nyeusi na nyeupe. Ukiiona na rangi, mtu ameipaka kwa mkono, mara nyingi miaka ya karibuni ili iuzike. Si kosa, lakini usiilipie kama rangi ya asili. Geuza karatasi: rangi ya maji iliyopakwa juu ya karatasi kuukuu isiyo na ulinzi hupenya na kuacha vivuli nyuma. Na kama rangi imepita juu ya madoa ya kahawia badala ya kuwa chini yake, imekuja baada ya madoa.

Unapoongea na muuzaji

Omba picha nne: mbele, nyuma, pembe zote kwa karibu, na ukurasa mzima ukiwa pembeni mwa rula. Vipimo ni muhimu kuliko maneno matamu. Karatasi ya Vanity Fair ina takriban sentimita 26 kwa 39. Ikija 22 kwa 34, imekatwa, na thamani imekwenda na ukingo. Matundu madogo ya sindano kwenye ukingo wa kushoto ni ya uzi wa jalada na hayana ubaya. Yanaonyesha picha ilitoka kwenye juzuu.

Uliza kama imebandikwa kwenye kadi. Jibu likiwa ndiyo, na imebandikwa yote kwa joto au gundi, achana nayo isipokuwa ni adimu kweli. Kuibandua ni kazi ya fundi wa karatasi, na gharama yake hupita bei ya picha. Alama ya hudhurungi yenye umbo la fremu imeunguzwa na asidi ya kadi mbaya, na haitoki. Madoa madogo ya kutu yaliyotawanyika yanavumilika pembeni, lakini si usoni mwa farasi.

Kwa Harper's Weekly uliza mkunjo. Picha za kurasa mbili zilikunjwa katikati na ndipo zinapochanika. Mkunjo uliokwisha kukatika ukabandikwa selotepu ni ugonjwa maradufu: gundi ya selotepu huingia ndani ya karatasi, ikawa njano, kisha ikageuka doa la mafuta.

Na usikate jarida zima. Jarida lenye majalada na matangazo yake yote ni adimu kuliko ukurasa mmoja, kwa sababu wajalidi wa zamani walizoea kutupa matangazo na majalada wakaacha matini. Kurasa zilizokwisha kutolewa ziko tele. Nunua hizo, na jarida lililonusurika lionyeshwe likiwa zima.

Mwambie muuzaji aitume bapa, si kwa mrija. Karatasi ya mti ya 1885 ikikunjwa mviringo huweza kupasuka kwenye mstari mmoja. Iwe ndani ya plastiki, katikati ya kadi mbili zinazozidi picha sentimita 5 kila upande, na mifereji ya ndani ya kadi hizo ipishane, moja wima nyingine mlalo, ili bahasha isipinde.

Siku ya kwanza nyumbani

Picha mpya haiendi moja kwa moja kwenye kabati la wenzake. Huenda imebeba mayai ya wadudu, hasa wale wembamba wa rangi ya fedha wanaolamba gundi na uso wa karatasi. Kagua mkunjo na pembe. Ukiona unga, vinyesi kama punje za pilipili au sehemu zilizokwanguliwa, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba kwa utepe, kisha iweke kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko kabla ya saa 24: ukifungua mapema, matone ya hewa ya joto yatatua juu ya karatasi yenyewe badala ya juu ya plastiki.

Vumbi litoke kwa brashi laini ya manyoya, kuanzia katikati kuelekea nje. Usifute kwa kitambaa chenye maji, usipitishe pasi, wala usijaribu dawa ya kuondoa madoa. Blichi huonekana imefaulu wiki ya kwanza, kisha karatasi hulegea na madoa hurudi.

Pini za majarida ya miaka ya 1930, kwa wanaoishi pwani, karibu zote zina kutu. Usizivute kwa kile chombo chenye meno. Fungua ukurasa wa katikati, ingiza kipande cha plastiki nyembamba chini ya miguu ya pini, inua mguu mmoja baada ya mwingine kwa kisu butu, kisha sukuma pini itoke upande wa nje na uimalizie kwa kibano. Jarida utalishona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale.

Gundi inayoweza kuondoka

Kanuni moja hapa haina mjadala: chochote unachokibandika kwenye picha lazima kiweze kubanduliwa kwa maji kidogo miaka hamsini ijayo, na lazima kiwe dhaifu kuliko picha. Fremu ikianguka, kibanio, yaani kipande kinachoishikilia picha, kichanike, si karatasi. Hiyo inaondoa selotepu, gundi ya mbao, gundi ya maji ya dukani, gundi ya bunduki (ile ya kuyeyushwa kwa moto) na ile ya kupuliza. Inabaki gundi ya wanga wa ngano.

Wanga safi wa ngano ukipatikana dukani, nunua. Usipopatikana, utengeneze. Kanda gramu 200 za unga mweupe kwa maji hadi liwe donge la chapati, gumu kidogo. Liache nusu saa. Kisha likandie ndani ya bakuli la maji baridi: maji yatageuka kama maziwa, na mkononi kitabaki kitu cha kuvutika kama ubani wa kutafuna. Hicho ndicho kinachowaita wadudu, kitupe. Chuja maji, yaache kwenye jokofu usiku kucha, asubuhi mwaga maji ya juu taratibu. Tope jeupe lililotulia chini ndilo wanga.

Pima sehemu 1 ya tope hilo kwa 3 za maji (wanga mkavu wa dukani unataka 4, na ulowekwe nusu saa kwanza). Pika kwa moto mdogo dakika 20 hadi 25 bila kuacha kukoroga. Mwanzoni ni kama maziwa, kisha uji mweupe, mwishoni hupoteza weupe na kung'aa kama jeli. Ukiuepua ukiwa bado mweupe haushiki. Hilo ndilo kosa la kawaida, na chanzo chake ni haraka. Upoe kabisa, upitishe kwenye chujio la chai mara mbili, kisha upunguze makali kwa maji hadi ulingane na mtindi mwepesi. Hukaa wiki moja kwenye jokofu. Ukichacha, mwaga.

Kuitundika picha kwenye kadi

Vinavyohitajika: bodi ya maunti, yaani ile kadi nene yenye dirisha inayoizunguka picha, iliyotengenezwa kwa pamba au isiyo na asidi, unene wa milimita 1.4 au zaidi, bodi nyingine ya aina hiyo kwa nyuma, karatasi ya Kijapani ya kozo (nyembamba, ya nyuzi za aina ya mforosadi), rula ya chuma, wembe mpya. Bodi ya kawaida ya mafundi wengi ina moyo wa mti uliosagwa, na ndiyo inayoacha mstari wa kahawia pembezoni mwa dirisha. Kuna kalamu ya kupima asidi: chora kwenye kipande cha bodi, alama ikiwa zambarau bodi ni salama, ikiwa njano ina asidi. Alama haifutiki, kwa hiyo isifike kwenye picha.

Tuseme ni joki wa Vanity Fair. Dirisha la sentimita 20 kwa 34 kwa kawaida huacha picha, jina na mstari wa mchapaji vionekane. Pima yako, kwani zinatofautiana. Acha sentimita 7 za kadi pembeni na juu, na 8.5 chini, jumla sentimita 34 kwa 49.5. Chini pazidi kidogo, la sivyo picha itaonekana inateleza kuelekea sakafuni. Usifiche maelezo wala sahihi. Joki bila jina lake ni mtu tu aliyevaa hariri.

1. Unga bodi mbili kwa utepe wa kitambaa upande wa juu, zifunguke kama kitabu.
2. Weka picha juu ya bodi ya nyuma, funga dirisha, isogeze hadi ikae sawa. Weka uzito mdogo katikati juu ya karatasi safi, kisha fungua dirisha.
3. Andaa vipande viwili vya kozo vya sentimita 2.5 kwa 4. Usivikate kwa mkasi: chora mstari wa maji kwa brashi, kisha vuta uchanike. Ukingo wenye nyuzi hauachi alama upande wa mbele. Ukingo wa mkasi huacha.
4. Paka gundi nyembamba kwenye milimita 5 za mwisho wa kipande, ingoje dakika moja ipoteze mng'ao, kisha bandika nyuma ya ukingo wa juu wa picha, sentimita 3 kutoka kila pembe. Funika kwa karatasi ya kufyonza wino na uzito kwa saa moja au mbili.
5. Sehemu iliyobaki ya kipande ibandike kwenye bodi ya nyuma, na juu yake weka kipande kingine kikikatiza kama herufi T. Uzito tena, mpaka ikauke kabisa.

Vibanio viwili vya juu vinatosha. Anayebandika pande zote nne huona picha ikijikunja kama bati msimu wa mvua, kwa kuwa karatasi hutanuka na haina pa kwenda. Gundi ikiwa ya maji mno nayo huacha mikunjo midogo juu ya kila kibanio.

Karatasi ya Harper's Weekly iliyokwisha kukauka isipakwe gundi hata kidogo. Ishike kwa pembe nne za plastiki ya poliesta (Mylar na Melinex ni majina yake ya kibiashara) zilizobandikwa kwenye bodi tu, na kuwe na nafasi ya milimita 1 karatasi ipumue. Maandishi ya nyuma yakipenya na kumchafua farasi tumboni, weka karatasi ya kijivu au nyeusi isiyo na asidi chini ya picha. Ukurasa utafifia kidogo, lakini maandishi hayatajitokeza tena. Jaribu kabla ya kuamua.

Kwa fundi wa fremu

Picha nyingi hufia hapa, si kwa ubaya wa mtu bali kwa mazoea: fundi hupaka gundi nyuma ya picha, akaibandika juu ya hadibodi, akaweka kioo juu yake moja kwa moja. Mpelekee picha ikiwa tayari ndani ya maunti yako, na umwambie wazi kwamba kazi yake ni fremu na kioo tu. Kama huwezi kukaa naye, chukua fremu tupu ukafungie nyumbani.

Mpangilio kutoka mbele ni huu: kioo au plastiki angavu ya akriliki inayozuia mionzi ya urujuanimno (UV), maunti yenye dirisha, picha, bodi ya nyuma, karatasi ya alumini ya jikoni, kisha hadibodi. Alumini ipo ili asidi ya hadibodi isipite. Kioo kisiiguse picha kamwe. Majalada ya miaka ya 1930 yana karatasi yenye udongo unaong'aa, na unyevu ukiingia udongo huo hugeuka gundi: jalada hushika kioo, na ukivuta, uso wa farasi hubaki kiooni. Tundu la ndani la fremu lizidi maunti kwa milimita 3.

Ziba ukingo wote, kutoka kioo hadi bodi ya nyuma, kwa utepe usiopitisha hewa. Na chagua siku. Vitu vyote vikae saa 48 kwenye chumba kikavu kabla ya kufungwa; ukifunga fremu Dar es Salaam mwezi wa Aprili, umeifungia masika ndani.

Ukutani

Karatasi inataka unyevu wa asilimia 35 hadi 55. Ukipita 65 kwa muda, ukungu huanza, na Mombasa, Tanga na Unguja hupita hapo kwa urahisi. Usitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje, wala ule unaopakana na bafu. Gundisha vipande vya koki au mpira vya milimita 8 kwenye pembe za chini za nyuma ya fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Mchwa nao hupenda kupanda mahali penye giza pasipo na upepo. Kiyoyozi kinachowashwa jioni na kuzimwa asubuhi kina madhara kuliko kutokuwepo, maana karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku.

Nyumba inayofukizwa udi na ubani kila Ijumaa, picha zisiwe chumba cha kufukizia. Moshi huo una mafuta, na hutua juu ya karatasi kama utando wa njano.

Mwanga unaotakiwa ni lux 50, sawa na chumba chenye taa moja hafifu. Programu ya simu inatosha kukupa makadirio. Wanaoishi karibu na ikweta wasidanganyike na ushauri wa vitabu vya Ulaya kwamba dirisha la kaskazini ni salama: kwetu jua huegemea kusini mwezi Desemba na kaskazini mwezi Juni, hivyo kila dirisha lina msimu wake. Nyekundu na waridi huelekea kupauka kwanza, nazo ndizo rangi za hariri za majoki wengi. Kaa na seti mbili. Moja ikining'inia miezi mitatu au minne, nyingine ipumzike kabatini.

Katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na sentimita 6 kati ya fremu na fremu. Farasi wote wanaokimbia kuelekea kulia usiwapange wakielekea mlangoni. Jicho huwafuata na kutoka nao. Hili ni suala la ladha, lakini lijaribu kabla ya kutoboa ukuta.

Jarida zima lionyeshwe jalada tu, ndani ya fremu yenye kina, likishikwa na mikanda miwili ya poliesta kwenye bodi. Lisifunguliwe ukurasa mmoja kwa miezi mingi: uti wake utashika umbo hilo na kupasuka siku ya kulifunga.

Zinazopumzika zilale bapa kwenye kabati la chuma, kila moja ndani ya jalada la poliesta au karatasi isiyo na asidi, rundo lisizidi sentimita 5, droo ya chini iwe sentimita 30 juu ya sakafu. Epuka mifuko ya plastiki yenye harufu ya pazia jipya la bafuni. Hiyo ni PVC, na hunyonya wino. Vidonge vya nafthalini visikae ndani ya droo na picha.

Kwenye bodi ya nyuma, kamwe si kwenye picha, andika kwa penseli laini ya 2B: jina la jarida, tarehe ya toleo, mchoraji, njia ya uchapaji, ulinunua lini na kwa kiasi gani, na siku uliyoifunga fremu. Kalamu ya wino hupenya. Tarehe ya kufunga ndiyo itakayokukumbusha kuifungua baada ya miaka mitano, ukague vibanio na kubadilisha bodi iliyoanza kugeuka njano.